Baba, Yale Maji Hayakumzamisha Deo

Baba yangu mpendwa,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Deo mwenyewe. Watu wanadhani nimechagua masomo ya sayansi kwa sababu nataka gauni jeupe la nesi. Nimeyachagua kwa sababu ya siku ile Deo alipoharisha, kule kwetu mlimani Mwese.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi bado mdogo. Mama alikuwa msibani kwao Kapalamsenga, na mvua ilikuwa imekata njia ya zahanati. Deo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alilegea, macho yakaingia ndani. Ukachemsha maji, yalipopoa ukatia chumvi na sukari kama tulivyofundishwa kliniki, ukayaonja. "Yasizidi chumvi ya machozi," uliniambia, ukanionjesha na mimi. Kisha ukampakata, ukaanza kumnywesha kijiko kimoja kimoja.

Shangazi akaja juu. Kwetu mtoto akiharisha alinyimwa maji mpaka tumbo likauke.

"Kaka, debe limetoboka na wewe unazidi kumimina!"

"Sasa nisipomimina, dada, si litabaki tundu tupu?"

Nilitaka kucheka, nikaogopa.

Alasiri Deo akaanza kuhema kwa nguvu, pumzi nzito za harakaharaka, kama mtu aliyepandisha mlima mbio. Shangazi akashika kichwa. "Unaona? Maji yamempanda kifuani! Utamzamisha mtoto wa watu!"

Ulimtazama kifua kwa hofu, kijiko mkononi. Hukukiweka chini. Akitapika, unasubiri kidogo, unaanza tena. Jioni akakojoa kwenye suruali yako, nawe ukapiga kelele kama timu yako imefunga bao: "Amekojoa! Nyie, amekojoa!"

Alipona, lakini hadithi iliyobaki ni ya Shangazi. Hata kwenye matanga yako ilisimuliwa, watu wakacheka: yule aliyetaka kumzamisha mwanawe kwa kijiko.

Juzi mwalimu wa baiolojia alitueleza kwamba damu ina kitu kinaitwa bafa, kinachoidaka asidi kabla haijaudhuru mwili. Mtu akiharisha sana anapoteza maji, na pamoja nayo ile bikaboneti inayofanya kazi hiyo, basi asidi inazidi. Akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini mgonjwa huyo anahema kama aliyekimbia. Wenzangu wakainamia madaftari. Baba, mimi ninayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzangu, nilisimama. Nikasema mapafu yanatoa hewa ya kaboni nyingi ili asidi ipungue. Kiingereza kikaniishia katikati, nikamalizia kwa Kiswahili: maji yakirudi mwilini, figo nazo zinapata nguvu ya kurekebisha damu. Mwalimu akauliza kama nimewahi kumwona mgonjwa wa hivyo.

"Mdogo wangu," nikasema. "Baba alimponya."

Kifua cha Deo hakikuwa na maji hata kidogo. Kilikuwa kinapigana na asidi. Hayo hukuyajua, na uliogopa kama sisi, lakini hukuacha. Hapo ndipo ninapojivunia kuwa wako.

Naandikia chumbani kwa Shangazi, hapa Mpanda ninakosoma. Nasikia kandambili zake zinakuja, na Deo anamfuata akibishana naye. Siku nyingine ningeisukumia karatasi hii chini ya godoro. Leo nimeiacha mezani. Atauliza naandika nini, nami nitamsomea yote, Deo akisikia.

Lala salama huko mlimani, Baba. Mlango unafunguliwa.

Binti yako mkubwa