Damu ya Magome

Jumatatu, 2 Februari 1959. Chovae.

Daftari hili si langu. Nimepewa na Wataliani niandike vipimo vya damu. Magome kiasi gani, wanga kiasi gani, sukari kiasi gani. Nimewajazia ukurasa mmoja wa mbele, basta! Huku nyuma ni kwangu mimi Mwanalima, na atakayesoma macho yampofuke.

Wamekuja kisiwani kwetu kupiga sinema ya maharamia na watumwa. Mkuu wao, Sinyore Renzo, alinikuta nachemsha magome ya mkoko, haya tunayotilia rangi matanga na nyavu. Akachovya kidole, akakitazama juani. Bravo! Basi nimekuwa mpika damu. Ukitia wanga wa muhogo inakuwa nzito. Ukitia sukari inang'aa. Chokaa kidogo tu, inakuwa nyekundu ya kuchinja.

Na mkalimani wao nani? Idarus! Idarus yule yule, mume wangu wa miezi kumi na moja, aliyeniacha kwa barua kutoka Kismayo, na barua yenyewe kaandikiwa na mtu. Amevaa kofia ya Kitaliano na miwani nyeusi. Ameniita "Bi Mwanalima" kama hanijui. Nami nikamwita "sinyore". Akafurahi, mjinga!

Jumatano, 4 Februari

Leo haramia mmoja kapigwa risasi. Nilipeleka kijiko kimoja cha damu. Sinyore akasema haitoshi. Nikaongeza. Haitoshi! Tumeishia kikombe kizima, na haramia mwenyewe anatetemeka kwa baridi ya maji.

Nakumbuka wale waliokuja miaka saba nyuma. Sinema yao haikuwa na rangi, damu yao ilikuwa wino wa ngisi. Mzee Fakihi alishika kifua, akalala taratibu, tone moja jeusi kwenye kanzu. Kwisha. Nasi tulipokwenda kuitazama Kismayo tulilia wote, na Mzee Fakihi mwenyewe kaketi mbele yetu anatafuna tambuu.

Nikamuuliza Sinyore mbona siku hizi nyingi hivi. Idarus akatafsiri huku anajiona: ati kule Ulaya zamani watu wakiona damu walifunika nyuso. Siku hizi wasipoiona wanadai warudishiwe kiingilio. Tena haiwatoshi kuiona imeshamwagika. Wanataka waione inapotokea.

Jumamosi, 7 Februari

Nimevunja kalamu moja tayari. Nitaandika hivyo hivyo.

Ndugu yangu Gharibu ni fundi wa mashua, lakini wiki hii ni mtumwa. Idarus kapewa kazi ya msimamizi mwenye mjeledi. Mjeledi wenyewe wa pamba, unachovywa kwenye damu yangu, kila ukipiga unaacha mstari mgongoni. Haumuumizi mtu. Walipiga mara mbili, Sinyore akakataa, maana Gharibu alikuwa anacheka! Pamba inamtekenya.

Idarus akaingia kibandani kwake. Akatoka na mkia wa taa, yule samaki mpana. Mkia wa taa wa kweli, mkavu, ule unaokwaruza kama msasa. Nikadhani anamtishia tu.

Tatu. Amempiga tatu. Kelele ile ya Gharibu naijua tangu mtoto, alipokanyaga mwiba wa samaki. Nikakimbia, wakanishika mikono, ati naharibu picha! Na mashine inazunguka. Na Sinyore anaruka juu chini, "Bravo! Bravo!" Hakuna aliyesimamisha kitu mpaka ngozi ilipochanika.

Nilimfuata Idarus pale pale. Sinyore kakutuma? Akasema Sinyore ametaka ya kweli, namna ya kuileta hiyo ya kweli ni juu yake yeye. Kisha akavua miwani. "Ni kazi tu, Bi Mwanalima."

Kazi! Hasahau huyu. Siku aliyokuja kuchukua sanduku lake baada ya kuniacha, Gharibu alilibeba begani mpaka ufukweni, akalitupa baharini, na Idarus mwenyewe akamtupa juu yake. Chovae nzima iliona. Miaka mitano ameiweka moyoni.

Haya. Nami naiweka yangu.

Jumapili, 8 Februari

Gharibu ana homa. Shamsa mkewe anamsafisha kwa maji ya moto na chumvi, anauma meno kana kwamba mgongo ni wake. Mistari miwili imefunga, wa tatu unatoa maji. Gharibu mwenyewe anasema tuache maneno. Kismayo wataiona sinema, watasema yule ni Gharibu wa Chovae. Mwanamume mzima na akili hiyo!

Wanaume wa hapa wameapa msikitini hakuna atakayeushika ule mkia wa taa, hata apewe nini. Kabaki Idarus peke yake.

Atanitambua.

Jumanne, 10 Februari

Alhamdulillahi! Idarus atakufa!

Kwenye sinema, lakini atakufa. Imekuja telegramu kutoka Roma, imeletwa na mashua ya Kismayo. Wakubwa wameziona picha za kwanza, walizopiga kabla ya kuja huku, wametaka damu zaidi. Sasa watumwa watageuka, watamkata msimamizi kifua. Kikombe hapana. Bakuli hapana. Ndoo nzima! Kifuani, shingoni, usoni. Nilicheka mpaka Idarus akauliza nina nini. Nikasema furaha ya kazi.

Wamemfanyisha mazoezi jioni. Kaanguka mara tatu. Nilikaa kwenye kinu changu natazama, na nilitaka aanguke ya nne.

We daftari, nisikilize. Mimi naijua dawa ya ndoo ile. Upupu.

Jumatano, 11 Februari

Nimevuka kwenda bara kufuata magome. Na maganda ya upupu, nimeyachuma kwa kijiti, nimeyafunga kwenye kitambaa mara tatu. Nimekwangua manyoya yake machache kwenye damu kidogo ya kujaribia, nikajipaka kwenye kiwiko. Nikahesabu. Mpaka sabini hakuna kitu, nikasema wanga umeua nguvu. Themanini — yallah! Kama nimewashwa moto chini ya ngozi. Nilijikuna mpaka nikatoka damu ya kweli. Imeniachia alasiri.

Na hiki ni kiwiko tu. Usoni je? Machoni? Amelala chini, amekatazwa kutikisika, maiti haijikuni!

Nimewaza kitu njiani. Zamani ingenitosha kumwona ameanguka tu, tone moja, kama la Mzee Fakihi. Sasa hainitoshi. Nataka ilie ngozi yake. Nimekuwa kama hao watu wa Ulaya wanaodai kiingilio. Na wala sioni haya.

Ijumaa, 13 Februari

Hakuna picha leo, watu wako msikitini. Ndoo iko tayari. Magome yote yameingia, sikubakisha. Upupu wote umeingia. Nimeifunika kwa kawa, nimemwambia Shamsa asiiguse.

Meli inawachukua kesho jioni.

Jumamosi, 14 Februari. Kabla ya adhuhuri.

Mambo yameharibika.

Mama yake Idarus, bibi kizee wa Kismayo, kasikia mwanawe anauawa Chovae. Katuma mtu kwa mashua usiku kucha: mwanangu asife hata kwa mchezo, asilazwe chini akafunikwa, la sivyo maziwa yangu yamtokee puani. Idarus kaja anatetemeka mbele ya Sinyore. Jitu zima! Sinyore akacheka, akasema va bene, abaki hai. Msimamizi atashinda. Afe mtumwa.

Mtumwa gani? Yule mwenye mgongo mzuri, kasema. Gharibu.

Watammwagia ndoo yangu mgongoni. Juu ya ule mstari usiofunga.

Nilimsogelea Sinyore. Kisha nikasema damu imeharibika, imechacha, haifai. Idarus akatafsiri. Sinyore akatazama saa. Idarus akanirudishia jibu kwa sauti ya chini, anatabasamu: "Meli inaondoka leo. Damu ikikosekana, mkia wa taa upo. Sinyore keshakubali. Kumi."

Kumi! Tatu zilimpa homa ya siku nne.

Nimekwenda kwa Gharibu. Nimemwambia ndugu yangu, sema unaumwa, rudi ukalale. Amenishika bega. "Dada, si mimi nitakayeonekana mwisho? Mtu akitoka sinema ataondoka na sura yangu." Sikuweza kumwambia kilichomo ndani ya ndoo. Mdogo wangu nimemlea mimi, nitamwambia nini? Kwamba nimepika moto kwa mikono yangu, nikauonja kwanza nione kama unawasha vya kutosha?

Nikiimwaga, mkia wa taa. Nikiiacha, upupu kwenye kidonda. Na anayeshika mkia ni mmoja tu kisiwa kizima.

Mmoja tu.

Wanasali. Nimepata njia.

Siku hiyo hiyo. Baada ya sala.

Mwandiko mbaya, ni wa kushoto.

Nimemwendea Idarus, anakunywa kahawa chini ya turubai. Nimemwita sinyore. Nikamwambia msimamizi asiye na damu kwenye mkono wa mjeledi, nani huko Roma atamwamini? Mkono safi kama wa bibi harusi! Achovye mpaka kwenye kiwiko, uonekane umefanya kazi. Akasema mama yake. Nikamwambia mama kakataza damu yako, hii ni ya mwenzako. Akacheka kwa hilo. Limempendeza!

Lakini hakuanza kunijua leo wala jana. Akanitazama juu ya miwani. "Chovya wako kwanza."

Nikafunua kawa. Nikatia mkono wa kulia, wote, mpaka juu ya kiwiko. Nikauzungusha ndani kama nakoroga uji. Nikautoa, nikauinua juani, nikacheka. Ona rangi hiyo! Akasema nzuri. Akasema akimaliza kikombe chake anakuja.

Nikageuka, nikatembea polepole. Sikufika nyuma ya jiko. Themanini ilinikuta kwenye kinu.

Naandika nisijikune. Nikijikuna ataona. Mkono umevimba, vidole havikunjiki, machozi yananitoka yenyewe nami nimeuma ukaya wangu wa kichwani. Ewe Mola, nimefanya nini, na bado nataka. Sinyore akimwona Idarus anagaagaa mchangani atajua ndoo ina kitu, haitamwagwa tena, na atajua ni nani aliyekitia. Na ajue! Nifungwe Kismayo, si hoja. Mkono ule hautashika mkia leo wala kesho.

Wameanza kumvua Gharibu shati. Shamsa anabandua kitambaa mgongoni. Fundi mmoja anauliza ndoo iko wapi.

Kunywa haraka, Idarus. Kunywa, mbwa wewe!

Namwona kwenye upenyo wa makuti. Kikombe amekiweka chini. Amesimama. Anafungua kifungo cha mkono wa shati.

La, huo ni wa kushoto, ana saa, anaitoa saa kwanza.

Sasa anakunja wa kulia.