Hema la Shangazi Kwenye Lori Langu

Mpendwa mshauri, nisaidie maana nimefika mwisho, mimi ni dereva wa lori la halmashauri na tangu ipitishwe sheria ndogo ya kukataza watu kulala bustanini kazi yangu ni kubeba mahema yao hadi dampo, na shangazi yangu aliyenilea tangu mama afariki nikiwa darasa la pili alikuwa mmoja wao, maana nyumba aliyopanga ilibomolewa akaja kwetu, tuna chumba kimoja na watoto watatu, mke wangu akaanza kununa, shangazi akaaga kwamba amepata pa kujisitiri kwa rafiki yake, nami nikajifanya nimeamini.

Jumanne asubuhi tulipofika bustanini nikamwona anakunja blanketi, wenzangu wakang'oa hema lake wakalitupa ndani ya lori na vilivyomo, akaomba atoe mfuko wa dawa zake za presha, msimamizi akamjibu kwamba muda wa notisi umekwisha, basi akaja dirishani kwangu, nikajua sasa ataniita mwanangu mbele ya watu wote, lakini alisema tu, "Dereva, naomba mfuko wangu," kama hanijui, ili nisiaibike, nami nikatazama mbele nikawasha gari.

Jioni nilirudi dampo nikapekua mpaka mikono ikachanika, sikuuona ule mfuko, na leo ni siku ya tisa namtafuta. Mke wangu halali, anasema tumemuua. Niache kazi?

Dereva

Ndugu dereva, pole, ila sitakubembeleza. Ukiacha kazi leo, kesho mwingine atakalia kiti chako, na shangazi atabaki bila dawa. Sheria hiyo haikumpa mtu paa, imewaondoa tu machoni petu. Lakini si sheria iliyowasha lile gari.

Pita wodi zote, vituo vya polisi na, samahani, chumba cha maiti. Taja jina lake kamili, sema wewe ni mwanawe. Ukimkuta hai, daktari kwanza, radhi baadaye, kisha alale kitandani kwenu, nyinyi mtajibana sakafuni. Halafu nenda kwa diwani ukaeleze jinsi dawa za watu zinavyotupwa, na usifiche jina lako. Wakikufukuza, bora iwe kwa hilo.

Nilipomaliza kuandika haya nilipiga namba uliyoacha. Mkeo akapokea. Alisema umeitwa hospitali kumtambua mama mmoja, hajui kama ni wodini au mochwari.

Popote utakapomkuta, kaa naye.