Kwa Yona Kaleli, Aliyefundisha Sayansi Zizini

Mwaka umetimia wiki hii, Baba Mwongeli, tangu kichomi kikuondoe kwetu hapa Thika, tarehe 9 Julai 1958. Watu waliniambia machozi yangekauka kabla ya mavuno. Mavuno yamepita, na bado napakua sahani moja zaidi, kisha najikasirikia mwenyewe.

Watoto walitaka niandike maneno matamu tu. Nitayaandika, lakini unanijua. Ulikwenda Ruiru kuninunulia cherehani, ukarudi kwa miguu ukivuta ng'ombe mwekundu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukasema, "Mama Mwongeli, usinune. Nimekuletea sayansi." Sayansi! Nilinuna wiki mbili.

Ulimwita Ndune, yaani mwekundu kwa Kikamba chetu, ukamjengea zizi nyuma ya shule. Vijana wa sekondari wakaanza kuja pale na madaftari. Walimpima joto, wakaweka sikio ubavuni kusikiliza tumbo likisaga majani, wakaacha maziwa yagande ili wajifunze habari za vijidudu. Hukumchapa mtu kwa jibu la makosa. Ulimwambia, "Hebu kamuulize Ndune," naye akarudi zizini kuangalia tena.

Kabla ya kukamua ulimwomba ng'ombe radhi kama mtu anayepita mbele ya mama mkwe. Shati lako la Jumapili lilinuka samadi hata kanisani, na mchungaji akawa anakusalimu kwa mbali. Mimi nilifua na kugomba. Leo ningelifua bila neno.

Sasa nikupe habari. Baada ya mazishi, ndugu yako Kimeu alisimama mbele ya wazee akasema kwamba kwa desturi yetu mifugo ya marehemu hurudi nyumbani kwao, Ukambani. Ndune hangebaki kwa wageni. Nikaomba mwaka mmoja. Alinipa, maana si mtu mbaya, ila ni mkaidi kama wewe. Mwalimu mkuu naye akaniambia wazi: ng'ombe akiondoka, somo linarudi ubaoni. Nimeishi na hofu hiyo mwaka mzima, Yona. Nilikuzika mara moja, sikutaka kukuzika tena.

Jumamosi iliyopita Kimeu akafika kumchukua. Alimkuta Ndune amelala chini, uchungu umemshika tangu asubuhi na ndama hatoki. Daktari wa mifugo alikuwa safarini. Mwanafunzi wako Muigai, wa kidato cha nne, alikuwa amepiga magoti nyuma ya ng'ombe, mkono umepakwa sabuni na kuzama hadi begani, macho ameyafumba.

"Mtamuua!" Kimeu akafoka. "Waiteni wanaume!"

Muigai hakufungua macho. "Ngoja kidogo, mzee. Viungo vya mguu huu vyote viwili vinakunjika upande mmoja, kwa hiyo ni wa mbele. Mwenzake ndio umekunjwa nyuma."

"Nani amekwambia?"

"Mwalimu. Alitutilia miguu ya mbuzi kwenye gunia, tukaipapasa bila kuiona mpaka tukaijua."

Muigai na wenzake walimsukuma ndama ndani taratibu, wakaunyoosha ule mguu. Kimeu alipotaka kuvuta kwa nguvu, Muigai akamwambia asubiri mpaka Ndune asukume. Naye akasubiri! Kimeu huyu huyu tunayemjua, akimtii mtoto wa shule! Ndama akateleza nje, jike, akapiga chafya. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Kimeu alinawa mikono, akakaa juu ya debe. Nilijua anatafuta maneno ya kuniambia juu ya ng'ombe. Mwishowe akauliza, "Mama Mwongeli, somo la Jumatatu ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Mimi sijui kusoma. Wataniruhusu?"

Nilimwambia wewe hukuwahi kumfukuza mtu zizini. Akasema basi Ndune na mtoto wake wakae hapo walipo, na wazee atawaeleza yeye mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, Yona. Badala yake nikaenda kumpikia chai.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Ndinda, binti yako Mwongeli na wadogo zake, mama yako anayekuombea kila jioni, walimu wenzako na wanafunzi wako wa Thika na Ruiru. Yumo na Kimeu, ndugu yako, ambaye Jumatatu alikaa mbele kabisa, kofia magotini, akainua mkono kuuliza swali.

Hatutakusahau, mwalimu wetu, siku zote tulizojaliwa kuishi.