Ndizi za Kagondo

Jumatatu, 7 Julai

Mashine tena leo. Baba Rama kitandani, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Mimi kwenye benchi, nashona vifungo vya sare za wateja.

Nesi amerudia somo lake. Ini la mume wangu ni zima, linavunja sumu na kuzigeuza taka za kutupwa. Figo ndizo zimechoka. Zilitakiwa kuchuja damu na kutoa hizo taka kwa mkojo, na sasa mkojo wenyewe ni wa kubembeleza. Nyumba inafagiwa lakini jalala limefungwa. Kwa hiyo chumvi kidogo, maji kwa kipimo, maharage hapana, parachichi hapana. Ndizi hapana. Zina potasiamu nyingi, na figo mbovu haziwezi kuitoa. Ikijaa kwenye damu inaweza kusimamisha moyo.

Kumwambia Mhaya asile ndizi! Jioni nimempa wali na yai. Alisema ameshiba. Hakushiba. Kwake wali ni kitu cha kutafuna ukisubiri chakula.

Jumanne, 8 Julai

Zamu yangu imeisha. Amekwenda Kagondo kwa mke mwenzangu, Mama Zuhura. Alivaa shati lililopigwa pasi. Hapa Nyanga anashinda na fulana.

Miaka yote hii ya uke wenza na sijazoea. Watu wanasema nimezoea. Waendelee kusema.

Alhamisi, 10 Julai

Nimewakuta hospitali. Uso wa Baba Rama umechangamka. Nikamuuliza anakula nini huko. "Ebitoke," akasema, akacheka. Ndizi! Na Mama Zuhura yupo hapo hapo, anakunja kanga yake.

Mimi namnyima ili aishi, naonekana mchoyo. Yeye anampa, anaonekana mke. Nilitaka kumwambia nesi, nikaacha. Angesema ni wivu. Na ni wivu.

Jumamosi, 12 Julai

Zamu yangu ilianza jana. Hakuja. Amepiga simu, eti anapumzika huko kidogo. Kwangu kuna kitanda cha miiba?

Sikula mchana. Nimepinda sketi ya mteja upande usio wake, nikafumua, nikapinda tena vilevile. Mwanangu Rama kaniuliza nina nini, nikamfokea.

Jumapili, 13 Julai

Amekuja. Alinikuta tayari. Nimemenya ndizi, nimezipanga sufuriani pamoja na maharage, nyanya chungu na samaki mkavu wa kutoka visiwa vya Muleba, nikafunika kwa majani ya mgomba, zikaiva taratibu mpaka harufu ikavuka ua.

Nilijua. Kila neno la nesi lilikuwa kichwani wakati namenya. Nikajiambia, kama za Kagondo hazijamuua, zangu zitamuuaje?

Alikula kama zamani. Akaongeza. Akasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu Mama Rama, umenirudishia roho." Wiki hii hataki kwenda popote. Naandika haya huku nacheka peke yangu. Na akae huko Mama Zuhura apange sahani zake.

Jumatatu, 14 Julai

Alfajiri miguu ilimkataa. Moyo unapiga, unapotea, unapiga. Asingeweza kukaa kwenye bodaboda, jirani akatupeleka kwa gari lake. Hospitali wamembandika nyaya kifuani, wamemchoma dawa, wamemkimbiza kwenye mashine. Daktari akatoka. Potasiamu imepanda mno. Amekula nini?

Nikasema ndizi na maharage. Halafu nikaongeza kwamba hata Kagondo anakula ndizi. Mama Zuhura alikuwa ameshafika, nilitaka asikie. Kama ni lawama, tugawane.

Mama Zuhura hakunifokea. Akamweleza daktari anavyopika. Anamenya, anakata vipande vyembamba, analoweka kutwa, anamwaga yale maji yaliyobeba potasiamu. Anachemsha kwenye maji mengi, anamwaga tena. Anampa vipande vitatu tu, bila maharage. Alimuuliza nesi kabla ya kuanza. Nesi akaitikia kwa kichwa.

Nani angefikiria? Sisi ndizi tunaziivisha na maji yake, mchuzi ndio utamu wenyewe. Mama yangu angemwona mtu anamwaga mchuzi wa ndizi, angemnyang'anya sufuria. Mimi nilidhani kuna kula na kutokula basi.

Nimeketi koridoni mpaka jioni. Nilikuwa namuua kwa sababu ya shati la pasi.

Jumatano, 16 Julai

Ametoka hatarini. Daktari anataka mtu mmoja asimamie chakula chake. Akamuuliza mwenyewe, sote tupo. Baba Rama aliniangalia kwanza, kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniumiza. Kisha akamtaja Mama Zuhura.

Nimewachukia wote wawili. Nimekunja nguo zake, nimezifunga, nimezipeleka mpaka kwenye bajaji. Sikulia mbele yao.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi nimekata mkungu shambani, nikaupakia kwenye bodaboda mpaka Kagondo. Sijui nilitaka nini. Mama Zuhura akautazama, akaingia ndani, akatoka na visu viwili.

Tumemenya uani. Akanionyesha wembamba wa vipande. Vyangu vya kwanza vilikuwa vinene, akavikata upya. Tukaloweka. Mchana tulikaa tu, akanishonesha mkono wa gauni uliofumuka. Wivu bado ninao. Nilimwona anavyojua dawa za Baba Rama zilipo, na mto wake anaupenda uwe upande gani, nikawa nao tele.

Jioni aliweka vipande vitatu sahanini. Baba Rama akala, akamsifu mpishi. Mama Zuhura akamwambia ndizi zimetoka Nyanga.

Baba Rama akaniangalia. Akaomba kipande cha nne. Tukamkatalia kwa pamoja.