Mama Amekataa Mkate wa Bwana

Mpendwa Mshauri,

Kwa heshima na taadhima naomba unisaidie, kwani hasira imeninyima usingizi. Mimi ni shemasi wa kanisa moja hapa mjini Mokpo, na kwa muda mrefu niliwasihi wazee wa kanisa juu ya jambo la aibu, kwamba kwenye Meza ya Bwana tulikuwa tukigawa vipande vya keki ya mayai, laini na tamu, ileile inunuliwayo kwa sherehe za watoto, eti ndiyo mwili uliovunjwa kwa ajili yetu. Nikauliza kikaoni, je, Kalvari palikuwa na sukari? Hatimaye hoja yangu ikapita, na sasa tunakula mkate usiotiwa chachu, mkavu na mgumu, kama yanavyostahili kukumbukwa mateso.

Hapo ndipo ilipoanzia fedheha yangu. Bibi Pyo, rafiki wa mama yangu, alinong'ona ibadani kwa sauti iliyofika mimbarani, "Bwana aligeuza maji kuwa divai, shemasi wetu kageuza keki kuwa kokoto." Akina bibi wakacheka viganjani, mama yangu mzazi akiwa miongoni mwao. Juzi, nikimtafutia miwani mkobani, nikakuta leso imefunga vipande vya mkate wa Bwana, havijaguswa. Nilipomhoji alijibu tu, "Niache, baba. Mimi nilimkumbuka Bwana kabla wewe hujajua kujifuta kamasi." Tena ameapa kwamba Pasaka hii hatakwenda mezani.

Mama huyu ndiye aliyetafuna magome ya msonobari miaka ya njaa, ili sisi watoto tupate uji wa shayiri. Njaa haikumshinda, leo ashindwe na imani? Je, nimshitaki kwa wazee, au nimkemee mwenyewe?

Wako mtiifu,
Shemasi Tak Hyeon-gu

Shemasi Tak,

Pole kwa kukosa usingizi. Kwa hasira sikupi pole. Keki ile hata mimi ingenikera, lakini barua yako imetaja sukari, chachu, kikao na kokoto, na kinywa cha mama yako hukukitaja kabisa. Amebakiwa na meno mangapi? Hujui. Bibi Pyo anajua, ndiyo maana alitania, ili rafiki yake acheke badala ya kulia.

Meno hayo yaliishia kwenye magome unayoyasimulia kwa fahari. Leo unamwekea mezani kitu asichoweza kutafuna, kisha unauliza umshitaki wapi. Mtu mzima wewe, huoni haya? Anayedharau mkate huutupa. Yeye ameufunga lesoni, asiuteme mbele za watu, wala asimwaibishe mwanawe aliyeshinda hoja.

Mkate wako ubaki, sina ugomvi nao. Ila Pasaka kaa na akina bibi, ubavuni mwa mama yako. Chovya kipande chake katika kikombe chako cha divai mpaka kilainike, umpe kwa mkono wako, nawe unywe kilichobaki pamoja na makombo yake. Usione kinyaa. Ulipokuwa huna meno, yeye ndiye aliyekutafunia.