Wifi na Shavu Langu la Kulia

Nyumba ya nyuma,
Duka la Dobi.
Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini karatasi hizi zinakukuta ukiwa mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Niliisoma mara mbili, kisha nikaikagua bahasha kuona kama kuna mtu aliifungua njiani. Haikufunguliwa. Vipi kifua cha shemeji? Na mjukuu ameshaota meno? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Tatizo ni uso wangu tu.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba na wifi yangu ana masikio. Barua hii nitaipeleka posta mwenyewe, kwa mkono wangu, na bahasha nitaibandika hukohuko.

Unamkumbuka wifi, dada wa mume wangu, yule aliyesema siku ya harusi yangu kwamba uso wangu umejikunja kama shati lililosahauliwa kwenye ndoo. Ndoa yake ilipovunjika akaja kukaa kwetu, na sasa ni mwaka na nusu. Chumba cha mbele amekigeuza mahali pa kazi. Ana kiti kimoja cha kulaza mgongo, taa ya kuinama na kioo kikubwa kuliko changu. Kazi yake ni ngozi za watu.

Basi, unayajua madoa yangu ya mashavuni, yale yaliyokuja na miaka ya kuinamia pasi. Wifi akaniambia yatapungua akinichubua uso kidogo tu, kwa dawa nyepesi, si zile kali zinazomfanya mtu ajifungie ndani mwezi mzima. Nikamuuliza yeye anapata nini. Akasema hapati kitu, mimi ni wifi yake. Hapo ndipo nilipotakiwa kuinuka kwenye kile kiti niende zangu, lakini sikuinuka.

Ilikuwa Ijumaa. Dawa ilichoma dakika chache, akanipepea na gazeti, akaniosha kwa maji baridi. Jumamosi uso ulikaza kama sweta lililosinyaa baada ya kufuliwa. Jumapili ngozi ikaanza kutoka maganda pembeni mwa mdomo. Wifi akasema ndivyo inavyotakiwa, nisishtuke. Sijawahi kuona fundi akiharibu kitu halafu aseme sivyo inavyotakiwa.

Amenibandikia masharti kwenye kioo. Ninawe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu. Nisisugue. Nijikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Nipake mafuta ya mgando asubuhi na jioni, na losheni ya kukinga jua kabla sijatoka, hata kama kuna mawingu. Nisijipodoe. Maganda nisiyabandue kwa kucha, niyaache yadondoke yenyewe. Na mwisho, amepigia mstari mara mbili, nikae mbali na mvuke.

Dada, mimi ni dobi. Nikae mbali na mvuke niende wapi? Nikamwambia, kumbe unataka nifunge duka. Akasema siku tano tu, mwache msaidizi wako apige pasi. Siku tano ndizo mtu anazohitaji kuzoea kukalia kiti cha mwenzake.

Mafuta yake sikuyapaka hivihivi. Unajua sheria ya kazi yetu: dawa usiyoijua unaijaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, mahali pasipoonekana. Nilichukua kipande cha kitambaa cheusi, nikapaka mafuta yake upande mmoja, nikakiweka juu ya kabati siku nzima. Hakikupauka. Hakikubadilika hata kidogo. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu dawa isiyofanya kitu ni ya nini?

Vile vitaulo vyake laini pia nimevikataa. Vinatumika kwenye nyuso za watu, nani anajua vimefuliwaje. Nimetoa vitaulo vyangu na foronya zangu, nikazichemsha na dawa ya kutoa madoa, nikazitia wanga na kuzipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe. Kwa usafi mimi sipungukiwi, unanijua.

Na bado, Dada, tangu jana shavu la kulia linawaka. La kushoto limetulia kabisa. La kulia jekundu, linawasha, na karibu na sikio ngozi imechanika kidogo. Dawa moja, mkono mmoja, siku moja, na shavu moja tu ndilo linaloungua. Nieleze kama hiyo ni bahati mbaya.

Nilipomwonyesha hakunitazama machoni. Alikagua shavu, kisha akaniuliza: "Wifi, huwa unalalia upande gani?" Sasa swali gani hilo? Nikamwambia mimi na mume wangu tunalala tunavyojua wenyewe.

Ombi langu ni moja. Mume wangu hanisikilizi katika jambo hili. Akija mwisho wa wiki kutoka kazini anasema tusimweke katikati. Lakini wewe anakuheshimu. Mpigie, umwambie kwa upole kwamba dada yake atafute chumba kwingine. Akiniharibu uso leo, kesho ataniharibia nini?

Mwanga unapungua na namsikia anasogeza kiti. Naikunja barua hii na kuificha ndani ya foronya, chini ya mto, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika. Nitaendelea.

Ijumaa, tarehe 7

Dada, mambo yamekuwa makubwa.

Jumatano nilipolala niligusa foronya nikaona imelegea. Wanga wangu mimi haulegei. Nikawasha taa nikaikagua. Ilikuwa foronya yangu, alama yangu ya uzi wa bluu iko pembeni, ila imekuwa laini kama ya mtoto mchanga. Kuna mtu ameigusa. Barua ilikuwa salama nguoni mwangu siku hiyo, kwa sababu nilikuwa naibadilishia mahali pa kuificha.

Jana asubuhi nikaichukua foronya, nikaichemsha upya, nikaongeza dawa, nikaongeza wanga, nikairudisha. Kisha nikajifanya naenda dukani, nikasimama nyuma ya mlango wa stoo.

Hazikupita dakika kumi, wifi akatoka chumbani kwangu na ndoo iliyofunikwa. Chumbani kwangu, Dada. Akaenda mpaka bomba la nyuma. Nikachungulia. Akatoa foronya yangu, akaitia maji, akayamwaga, akaitia tena, akayamwaga. Mara tatu, bila sabuni. Nilipokohoa akashtuka, akasema, "Aa, wifi, nilidhani umeshaondoka." Mtu mwenye nia njema anadhani hivyo kwa nini?

Hebu fikiria mwenyewe. Maganda ya uso wangu yanadondokea kwenye foronya hiyo. Ngozi yangu iko humo. Unajua watu wanavyosema kuhusu nywele na kucha za mtu zikiangukia mikononi mwa asiyekupenda. Mimi siamini mambo hayo, lakini si lazima uamini jambo ndipo likuogopeshe.

Shavu leo ni baya zaidi. Nikinawa naona nyota. Nalia, na machozi yenyewe yanachoma. Nina miaka arobaini na minne na sijawahi kuwa mzuri, Dada, hilo tunalijua wote, lakini uso huu ndio nilio nao. Wateja wanaujua. Mume wangu ameuzoea. Nikibaki na kovu shavu zima nitakuwa dobi ambaye watu wanampa nguo huku wakitazama ukuta.

Kwa hiyo mpigie mume wangu mara tu ukipata barua hii. Usisubiri. Na usimwambie kwa upole tena.

Nairudisha barua kwenye foronya usiku wa leo. Kesho ni Jumamosi na posta wanafungua nusu siku.

Dada, shikamoo. Ni mimi wifi ninayesemwa. Barua imeanguka asubuhi hii nilipovua foronya, wifi akiwa anaoga, nikasoma mpaka hapa. Kusoma barua ya mtu si vizuri, nisameheni wote wawili. Wifi ameeleza vizuri, ila hajaona kwamba foronya yenye dawa ya madoa na wanga ndiyo anayoilalia, na analalia shavu la kulia. Ngozi mpya haiwezi vitu hivyo. Nilikuwa nazisuuza kwa maji matupu kwa sababu nilishindwa kumwambia dobi wa miaka kumi na tisa kwamba ufuaji wake ndio unaomuunguza. Ningesema angedhani namdharau, na mimi nakaa kwake. Chumba nitatafuta, usihangaike kumpigia mtu simu. Nimemvalishia mto foronya yangu ya zamani, ni laini. Wifi, ukifika hapa, paka mafuta, na usibandue.

Jumatano, tarehe 12

Mpendwa Dada,

Mwandiko uliouona hapo juu si wangu. Niliukuta Jumamosi asubuhi nilipoitoa barua niipeleke posta. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Kwanza niliukagua wino. Kisha nikaukagua mwandiko, nikaulinganisha na ule wa masharti kwenye kioo. Ni wake. Nikajiambia huu ni ujanja, ameisoma barua akaona amekamatwa, sasa anatunga hadithi. Sikumwamini hata hapo, Dada. Nakuambia ukweli ili unijue mdogo wako.

Nikafanya tunavyofanya dukani. Nikachukua foronya yangu moja, ile iliyosimama yenyewe, nikakata kipande cha pembe, nikakilowesha kidogo na kukifunga ndani ya kiwiko changu, mahali pasipoonekana. Kiwiko cha pili nikafunga kipande cha foronya yake. Nikapiga pasi siku nzima na viwiko viwili vimefungwa kama mgonjwa, msaidizi wangu ananitazama.

Jioni nikafungua. Kiwiko chenye kipande chake kilikuwa kama nilivyozaliwa nacho. Chenye kipande changu kilikuwa chekundu, kinawasha, sawasawa na shavu.

Nilikaa kwenye lundo la mashuka machafu. Miaka kumi na tisa nawaambia wateja wasuuze vizuri nguo za watoto wachanga, dawa isibaki, wanga usitiwe. Kwa watoto wa watu nilijua. Uso wangu ukiwa mpya kama wa mtoto, nikaulaza juu ya foronya ngumu kama kola ya shati la ofisini. Niliona aibu, Dada, aibu ya kweli.

Na kilichonikaa rohoni zaidi ni hiki. Alisoma yote. Alisoma ya siku ya harusi, ya kiti, ya nywele na kucha, na ya kufukuzwa. Halafu akauvalisha mto wangu foronya yake, akairudisha barua ndani kama ilivyokuwa, akarudi chumba cha mbele kwenye kazi yake.

Nilikwenda chumba cha mbele nikakuta begi lake limefungwa, liko mlangoni. Kioo kilikuwa kimeshatolewa ukutani. Nilisimama pale kama mtu aliyekuja kudai nguo yake, kisha nikakusanya vitaulo vyake vyote nikaenda navyo bombani.

Nilivifua kwa mkono, kwa ile sabuni isiyo na harufu. Nikavisuuza mara tano. Wanga sikutia, na pasi sikuipitisha. Nikavianika kivulini, vilipokauka nikavikunja na kumwekea juu ya kile kiti. Nikamwambia, "Wifi, nimevifua mimi."

Unajua alifanya nini? Alichukua cha juu, akakinusa. Akakikunja pembe, akakisugua ndani ya kiwiko chake, akasimama anasubiri. Dakika nzima, mbele yangu. Na mimi nikasubiri, kwa sababu sheria ni yangu na sikuwa na haki ya kulalamika.

Kisha akasema, "Kaa." Nikakaa. Akaninawisha uso, akanikausha kwa kugusagusa na kile kitaulo, akapaka mafuta shavu la kulia polepole kuliko la kushoto. Nikamwomba msamaha nikiwa nimefumba macho, ndivyo ilivyokuwa rahisi. Akasema nisiongee, mafuta yataingia mdomoni. Begi bado liko mlangoni, ila jana nimeona ametoa sweta humo, na kioo nimekirudisha ukutani mwenyewe.

Shavu linapona. Wekundu umepungua na maganda yamekwisha. Natoka na kofia pana na losheni ya jua, watu wanadhani nimeanza kujidai. Karibu na sikio pamebaki alama ndogo nyeusi. Wifi anasema itafifia nikijikinga na jua miezi michache. Nimeamua kumwamini, ingawa kila asubuhi naipima kwa rula.

Ningeweza kuchana kurasa za mwanzo nikakuandikia nyingine zenye adabu. Nimeziacha. Mume wangu usimpigie kwa habari hii. Ukimpigia, msalimie tu.

Msalimie shemeji na kifua chake, mpwa wangu na mkewe, na huyo mjukuu mwenye meno au asiye nayo. Shangazi akija hapo mwambie namkumbuka, ila asioneshwe barua hii. Salamu za wifi sikuandikii, ameshakusalimu mwenyewe.

Mungu akutunze, akulainishie njia na goti pia, tuonane tukiwa na nyuso zetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokagua bahasha zako,
Inspekta, kama alivyoniita baba.

Tena: leo duka limejaa, siwezi kutoka. Barua anaipeleka posta wifi. Bahasha nimempa ikiwa wazi, ataibandika yeye.