Duara la Chini ya Meza

Shemeji Agapiti,

Nimewahi sokoni, sikutaka kukuamsha. Uji wa watoto uko kwenye chupa. Nguo zianue mapema, wingu limeshafunga.

~~Karai langu lisiguswe tena.~~ Karai chukueni. Ila maharage tumieni haya yaliyobunguliwa.

Jana nilikufokea mbele ya watoto, unisamehe. Radi ilipoanza nilifunika kioo, nikazima simu, nikawaamuru wakae kimya, ndivyo nilivyolelewa. Wakazidi kutetemeka. Wewe ukageuza meza kuwa duara, shimo la kuchimba dhahabu kama la kwenu machimboni Mwakitolyo: William anachimba, Monika anaosha maharage kwenye karai, na radi ikipiga wote mnapiga kelele, "Baruti!" Mimi nikaona maharage yangu ya mbegu sakafuni tu, nikawaka.

Leo alfajiri kumenguruma tena. Unamjua Monika: tangu ng'ombe wa jirani auawe na radi, huwa anaingia uvunguni analia. Leo amekuja kitandani kwangu anacheka: "Mama, baruti hiyo! Baba mdogo ameamka?"

Asante, shemeji. Jioni mniachie nafasi humo duarani. Mwoga wa radi kuliko wote humu ndani ni mimi.

Shemeji yako,
Mama Monika